Bandari Ilipozimwa: Durban na udhibiti wa uchumi wa kidijitali

Tarehe 22 Julai 2021, Transnet, shirika la umma linaloendesha bandari, reli za mizigo na mabomba ya mafuta Afrika Kusini, liligundua kwamba wadukuzi wamo ndani ya kompyuta zake. Mfumo wa kupanga makontena, ule unaojua kila kasha liko safu gani na linasubiri lori gani, ukazimwa. Durban hupitisha takribani asilimia 60 ya makontena ya nchi nzima. Makarani wakarudi kwenye kalamu na karatasi, na malori yakajipanga katika Barabara ya Bayhead, inayobeba karibu mzigo wote wa kuingia na kutoka kwenye gati za bandari hiyo. Tarehe 26 Julai Transnet likawaandikia wateja kwamba linashindwa kutimiza mikataba kwa sababu ya jambo lililo nje ya uwezo wake. Notisi hiyo iligusa Durban, Cape Town, Ngqura na Gqeberha, na haikuondolewa hadi mwanzoni mwa Agosti.

Jiji lilikuwa bado halijapumua. Siku chache kabla yake ghasia zilizofuata kufungwa kwa Rais mstaafu Jacob Zuma zilikuwa zimeteketeza maghala na maduka ya KwaZulu-Natal na Gauteng, na zaidi ya watu 350 walikufa. Ukienda bara zaidi, shaba na kobalti ya Kolwezi na Lubumbashi, huko Katanga nchini Kongo, husafiri kwa malori kupitia Zambia na Zimbabwe hadi hapo hapo Durban. Kwa hiyo kompyuta ya KwaZulu-Natal ikizimwa, kuna dereva na mfanyabiashara wa Katanga anayehesabu hasara kwa Kiswahili.

Wachambuzi wengi waliuliza swali la kwanza linalomjia mtu: nani amefanya? Shirika la habari la Bloomberg liliripoti dalili za programu ya kudai fidia, ile inayofunga mafaili hadi mwathirika alipe. Mimi naona swali lenye faida zaidi ni jingine. Siku hiyo, katika vitabu vya sheria vya Afrika Kusini, ni nani aliyekuwa na wajibu gani?

Vitabu havikuwa vitupu. Rais Cyril Ramaphosa alikuwa ametia saini Sheria ya Makosa ya Mtandao mwishoni mwa Mei 2021, chini ya miezi miwili kabla ya shambulio. Lakini Afrika Kusini sheria nyingi haziamki kwa saini. Husubiri tangazo la Rais kwenye gazeti la serikali linalotaja siku ya kuanza, na siku hiyo ilikuja kuwa 1 Desemba 2021. Julai ile wadukuzi walikuwa bado chini ya sheria ya mawasiliano na miamala ya kielektroniki ya mwaka 2002, ambayo kwa kuingilia data bila ruhusa ilitoa kifungo kisichozidi miezi 12, na kwa makosa mazito zaidi miaka 5. Sheria mpya ilipandisha adhabu hadi miaka 15 kwa anayeshambulia mifumo nyeti ikiwemo ya vyombo vya serikali. Ilikuwa imesainiwa, imechapwa, na haikuweza kumgusa mtu.

Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi, wanayoiita POPIA, ina historia ndefu zaidi ya usingizi. Ilisainiwa Novemba 2013. Vifungu vyake vikuu vilianza 1 Julai 2020, vikiwa na mwaka mmoja wa kujiandaa, hivyo meno yalitoka Julai 2021. Yaani mtoto aliyezaliwa sheria inasainiwa alikuwa ameshaingia shule kabla haijamlinda. Wadukuzi wa Transnet walibisha hodi ikiwa na wiki tatu za utu uzima.

Kuchelewa huku ni kasoro, lakini si kasoro kubwa kuliko zote. Tuseme kila sheria ilikuwa macho Julai ile. Bado hakuna ambayo ingelilazimisha Transnet kueleza umma na wateja, ndani ya saa kadhaa, kwamba bandari imesimama na kwa nini. POPIA inataka mwenye taarifa za watu atoe habari zikivuja, ila kontena la vipuri vya magari si mtu na halina taarifa binafsi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ina kifungu cha 54 kinachotaka taarifa kwa polisi ndani ya saa 72, lakini kinawataja watoa huduma za mawasiliano na taasisi za fedha. Mwendesha bandari, kwa kazi yake ya bandari, hayumo. Na hata hicho kiliachwa nje siku sheria ilipoanza kutumika, pamoja na vifungu vingine kadhaa.

Sheria imemkazia macho mwizi, na mwenye nyumba aliyeacha mlango wazi haimuulizi kitu. Katika uchumi ambao bandari moja hubeba zaidi ya nusu ya biashara ya makasha, mwenye nyumba ndiye wa kuulizwa kwanza. Mdukuzi yuko ng'ambo na huenda asikamatwe milele. Anayeweza kuamriwa kufanya nakala za dharura, kupima mifumo yake kila mwaka na kutoa taarifa kwa wakati ana anwani, ana bodi, na ana bajeti iliyopitishwa.

Ajabu ni kwamba wazo hili lilikuwepo miaka 19 kabla. Ile sheria ya 2002 ilikuwa na sura nzima iliyompa waziri uwezo wa kutangaza hifadhidata fulani kuwa muhimu kwa taifa na kuweka masharti kwa wanaoziendesha. Ilikuwa pia na sura ya wakaguzi wa mtandao, watumishi wenye mamlaka ya kuingia na kukagua. Sura ya hifadhidata kwa kiasi kikubwa ilibaki kwenye karatasi, na wakaguzi wale kwa miaka mingi hawakuteuliwa. Ukitaka kujua kwa nini sina haraka ya kushangilia kila muswada mpya wa kidijitali, sababu ni hiyo.

Uendeshaji wa sehemu ya bandari nao umebadilika mikono. Julai 2023 Transnet lilichagua kampuni ya ICTSI ya Ufilipino kuwa mbia wa kuendesha Gati ya Pili ya makontena Durban kwa miaka 25, huku Transnet likibaki na nusu ya hisa na hisa moja juu. Wapinzani wao katika zabuni, APM Terminals, walikwenda mahakamani, na Oktoba 2025 Mahakama Kuu ya Durban ikatupilia mbali shauri. Msomaji wa Dar es Salaam atakumbuka mikataba ya DP World iliyosainiwa Dodoma Oktoba 2023. Bunge lisipoandika wajibu wa kidijitali wa mwendesha bandari, wajibu huo utaandikwa na mawakili wa pande mbili ndani ya mkataba, na mikataba ya namna hii haibandikwi ukutani wananchi wakasoma. Tena si makontena tu yanayopita pwani hii. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika kaskazini ya Durban, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Mdhibiti wa mawasiliano wa Dar es Salaam hana mamlaka yoyote juu ya maji hayo, na kazi yake siku ile ikawa kuwatuliza watu.

Nirudi Julai 2021 kidogo, kwa kituko ambacho mtunga hadithi angeona haya kukibuni. Tarehe 28 Julai, makasha yakiwa bado yamekwama, jarida rasmi la hataza la Afrika Kusini lilichapisha hataza ya chombo cha kuhifadhia chakula. Mvumbuzi aliyetajwa alikuwa DABUS, mfumo wa akili unde wa Stephen Thaler wa Marekani. Uingereza, Marekani na Ulaya walikataa ombi kama hilo. Afrika Kusini ikawa ya kwanza duniani kulikubali, na wapo waliosema nchi imetangulia wakati. Sababu ilikuwa ya kawaida mno: ofisi yake ya hataza haichunguzi undani wa uvumbuzi, huangalia kama fomu zimejazwa sawasawa. Fomu zilijazwa.

Kuhusu akili unde yenyewe, nchi haina sheria mahususi. Agosti 2024 wizara ya mawasiliano ilitoa rasimu ya mfumo wa sera, na rasimu huzaa rasimu. Wakati huo mahakama za KwaZulu-Natal hazikuweza kusubiri. Philani Mavundla, mwanasiasa aliyewahi kuwa naibu meya wa Durban, alikuwa na shauri katika Mahakama Kuu ya Pietermaritzburg kuhusu mgogoro wa manispaa ya Umvoti. Mawakili wake walipowasilisha hoja za kuomba rufaa, walitaja kesi 9. Jaji Elsje-Marie Bezuidenhout aliagiza zitafutwe, na zilizopatikana kuwa kweli zipo zilikuwa 2. Moja kati ya hizo ilikuwa na rejea isiyo sahihi. Katika uamuzi wa Januari 2025 jaji alieleza kwamba yeye mwenyewe aliiuliza ChatGPT kuhusu kesi mojawapo, nayo ikamjibu kwamba ipo. Akawakemea mawakili, akagusa mfuko wao kwa gharama, na akaelekeza suala lao kwa Baraza la Wanasheria.

Hapa hakuna sheria mpya iliyohitajika. Wakili hapaswi kuidanganya mahakama: kanuni hiyo ilikuwepo kabla ya umeme. Nimesikia hoja kwamba teknolojia mpya hudai sheria mpya kila mara, na kesi ya Mavundla inaonyesha udhaifu wa hoja hiyo. Pale ambapo tayari kuna mtu mwenye leseni, chombo kinachoweza kumnyang'anya, na jaji anayesoma tanbihi, akili unde inaangukia kwenye mikono iliyojiandaa. Shida iko kwa wale wasio na leseni ya kunyang'anywa: mwajiri anayechuja maombi ya kazi kwa programu, au kampuni ya mikopo inayokataa mteja kwa alama asizozielewa. POPIA inacho kifungu kinachozuia uamuzi mzito kumwangukia mtu kwa kutegemea mashine peke yake. Kinasubiri mlalamikaji mwenye subira na wakili.

Mdhibiti wa Taarifa, ofisi inayosimamia POPIA chini ya wakili Pansy Tlakula, alitoa faini yake ya kwanza Julai 2023: randi milioni 5. Aliyetozwa ni Wizara ya Sheria. Wizara ilikuwa imeshambuliwa Septemba 2021, na uchunguzi ukaonyesha kwamba leseni za programu za kinga na za kugundua uvamizi zilikuwa zimekwisha muda mwaka 2020 bila kuhuishwa. Serikali ikaitoza serikali fedha za mlipa kodi. Wapo waliocheka. Mimi naona ilikuwa hatua ya maana, kwa sababu ilikuwa moja ya mara chache ambapo aliyeulizwa ni mwenye mfumo na swali lilikuwa moja tu: ulilipia kinga au hukulipia?

Kwenye fedha mambo ni mazito zaidi, na ndiko msomaji wa Afrika Mashariki atashangaa. Vodacom ilizindua M-Pesa Afrika Kusini mwaka 2010, ikiwa na Nedbank, na lengo la watumiaji milioni 10 katika miaka 3. Ilijaribu tena 2014 na benki nyingine. Tarehe 30 Juni 2016 huduma ikafungwa. Sababu ziko kadhaa: wananchi wengi tayari walikuwa na akaunti za benki, na maduka makubwa yalikuwa yanatuma fedha kwa bei nafuu. Ila sheria nayo ilikuwa na mkono wake. Benki Kuu ya Afrika Kusini ilisimama kwenye msimamo wake wa 2009 kwamba fedha za kielektroniki zitolewe na benki tu. Kampuni ya simu ilibidi iingie kwa mlango wa mwingine na kukubali masharti ya utambulisho ya mwenye mlango.

Kenya ilikwenda kinyume. Mwaka 2007 Benki Kuu ya Kenya iliiruhusu Safaricom ianze kwa barua ya kutokuwa na pingamizi, na sheria ya mifumo ya malipo ikaja 2011. Tanzania ilifuata njia inayofanana, sheria yake ikapitishwa 2015, wakati wakala wa M-Pesa na Tigo Pesa ameshafika kila kona. Sidai kwamba Nairobi ilikuwa na hekima na Pretoria haikuwa nayo. Nairobi ilikuwa na wananchi wengi wasio na benki. Kilichotofautisha ni kisanduku ambacho mdhibiti alikichagua siku ya kwanza: upande mmoja hii ni amana, upande mwingine hii ni ujumbe wenye thamani. Baada ya hapo soko lilikwenda lenyewe.

Sarafu za mtandaoni zilipofika, Afrika Kusini ilikuwa imejifunza, au imechoka. Mwaka 2020 kampuni ya Mirror Trading International ya Stellenbosch iliporomoka na bitcoin za maelfu ya watu, wa ndani na wa nje. Mamlaka ya mwenendo wa sekta ya fedha, FSCA, ilikuwa imeonya mwezi Agosti mwaka huo, lakini bitcoin yenyewe haikuwa bidhaa ya fedha kisheria, kwa hiyo mamlaka iliingia kwa mlango wa pembeni, kwa hoja kwamba kampuni inafanya biashara ya mikataba ya fedha bila leseni. Tarehe 19 Oktoba 2022 FSCA ikalimaliza tatizo hilo kwa tangazo fupi: mali za mtandaoni sasa ni bidhaa ya fedha chini ya sheria ya washauri wa fedha ya 2002. Bunge halikuhitajika. Waombaji wa leseni walifunguliwa mlango Juni 2023, na kufikia Desemba 2024 maombi yalikuwa 420, yaliyokubaliwa 248.

Kasi hiyo ilikuwa na msukumo wa nje. Kikosi cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha kilikuwa kikitishia kuiweka nchi kwenye orodha ya kijivu, kikaiweka Februari 2023, na haikutoka hadi Oktoba 2025. Serikali iliyotumia miaka 7 kuiamsha POPIA iliweza kuwafanya mabroka wa sarafu za mtandaoni wawe na wajibu wa kuripoti miamala kuanzia Desemba 2022. Tanzania ilipiga marufuku sarafu hizi kwa tangazo la Benki Kuu Novemba 2019, kisha mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wake, na kazi ya kupatanisha hayo mawili wakaachiwa wahasibu. Kenya ilianza na kodi mwaka 2023, sheria ya leseni ikasainiwa Oktoba 2025.

Lakini kisanduku kimoja cha Pretoria kilipasuka. Kanuni za udhibiti wa fedha za kigeni, za mwaka 1961, zinakataza kutoa mtaji nje ya nchi bila idhini. Kampuni iitwayo Leo Cash and Carry ilinunua bitcoin na kuzipeleka kwenye soko la nje, na Benki Kuu ikataifisha fedha zake zilizokuwa katika benki ya Standard, ambayo ilikuwa inamdai mteja huyo. Mei 2025 Jaji Motha wa Mahakama Kuu ya Pretoria aliamua kwamba sarafu za mtandaoni si fedha wala mtaji kwa maana ya kanuni hizo, na kwamba kama dola inataka ziwe hivyo, iandike. Benki Kuu ikakata rufaa. Naona jaji alikuwa sahihi. Huwezi kumfilisi mtu kwa kunyoosha neno la 1961, hata kama nia yako ni njema.

Teksi za programu hazihitaji maneno mengi. Kwa muongo mmoja madereva wake waligombana, na wengine kuuawa, katika mivutano na wenye mabasi madogo ya abiria, hasa kwenye maduka makubwa. Marekebisho ya sheria ya usafiri yalisainiwa Juni 2024, kanuni zikachapishwa Septemba 2025: leseni, alama kwenye gari, kitufe cha dharura kwa abiria. Kilichobaki ni utekelezaji.

Liko jambo moja ambalo mgeni hulisahau anapojadili data Afrika Kusini: nchi hii ilitawaliwa kwa rejista. Mwaka 1873 meli ya kivita ya Uingereza iliwashusha Durban watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua, na wengine wakafuata katika miaka iliyofuata. Wakaitwa Wazanzibari, wakakaa Kings Rest huko Bluff, wakashika Uislamu wao. Chini ya sheria ya usajili wa watu ya 1950, maafisa walihangaika na kisanduku cha kuwatia, mwisho wakawaandika Waasia wa aina nyingine, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakahamishiwa Chatsworth, mtaa wa Wahindi. Neno moja katika safu ya rejista liliamua mtu ataishi wapi na mtoto wake atasoma wapi. POPIA inaweka rangi na kabila katika taarifa zinazolindwa zaidi, na kwa nchi yenye kumbukumbu hiyo si ajabu. Wakati huo huo, sheria za kurekebisha uonevu wa zamani zinataka kampuni ya mawasiliano yenye leseni ithibitishe kwamba asilimia 30 ya hisa ziko mikononi mwa waliobaguliwa. Starlink, inayofanya kazi Kenya tangu 2023, imegomea sharti hilo, na Mei 2025 Waziri Solly Malatsi alichapisha rasimu ya kuruhusu uwekezaji mbadala badala ya hisa. Wanaoliona sharti hilo kama urasimu tu hawajawauliza watu wa Chatsworth.

Rejista bado ndiyo lango la uchumi. Benki haifungui akaunti bila kuthibitisha kitambulisho kwenye hifadhidata ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mkimbizi wa Kikongo anayelinda magari katikati ya Durban anahuisha karatasi yake kwa njia ya mtandao tangu 2021, na karatasi ikichelewa, akaunti nayo hufungwa. Tarehe 1 Julai 2025 wizara ilipandisha bei ambayo benki hulipa kwa kila uhakiki wa papo hapo, kutoka senti 15 hadi randi 10. Wizara ilitoa hoja kwamba mfumo ulikuwa unazidiwa na bei ya zamani haikutosha kuuendesha, na mfumo mpya ni wa kasi. Benki za bei nafuu zilizojengwa juu ya akaunti ya bure zililalamika. Mabadiliko hayo yalikuwa mistari michache kwenye gazeti la serikali, na yanamgusa kila anayefungua akaunti kwa simu yake leo, wakati sera ya akili unde bado inajadiliwa kwenye makongamano.